Baraka wa kike: jina la mtoto hupata wapi jinsi yake?

Mdogo wangu amepata mtoto wa tatu, wa kike kama wawili waliotangulia. Siku ya nne baada ya wifi kutoka hospitali nilikwenda kwao Nkuhungu, hapa Dodoma, na kuku wa mzazi pamoja na fungu la mlenda, nikakuta nyumba imegawanyika. Mdogo wangu anataka mtoto aitwe Daudi, jina la marehemu baba yetu. Wifi anasema Daudi hapana, ila Baraka angeweza kulikubali, "hilo angalau ni la kumwombea mtoto". Mama yetu hakuwa ametoa neno. Alikuwa ameketi uani, mtoto kampakata, anamwita "mume wangu".

Wote wakanigeukia, kwa sababu katika ukoo wetu jina la mtoto halipiti bila shangazi. Juu ya ushangazi mimi ni mwalimu. Miaka 19 nimekuwa nikiita majina ya watoto wa watu kila asubuhi. Nikaomba wiki moja. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyawaza ndani ya wiki hiyo, na ninayaandika kwa sababu najua si nyumba ya mdogo wangu peke yake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, wodi zetu za wazazi zina Mgogo kitanda hiki, Msukuma kile, Mchaga na Mpemba ng'ambo ya pili, na kila mmoja amekuja na kanuni yake ya jina gani ni la msichana. Jina ambalo kwa huyu ni la binti, kwa yule ni la mjomba.

Lugha isiyo na "yeye" wa kike

Chukua sentensi hii: amefika tangu saa mbili, ameketi, anakusubiri. Ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakisemi, na hakijawahi kuona haja ya kusema. Ngeli zetu zinatenga mtu na mti, kisu na maji, lakini mwanamke na mwanamume zinawakalisha mkeka mmoja. Kigogo ni vivyo hivyo, na Kirangi, na Kinyaturu. (Waburunge wa huko Chemba, ambao lugha yao ni ya Kikushi, wao hutenga la kike na la kiume, ni majirani zetu wa karibu, lakini katika hili wamekaa mbali nasi kabisa.) Hata maneno yetu ya heshima hayataji jinsi: ndugu, mheshimiwa, mwalimu, daktari. Barua ya ofisini ikianza na "Ndugu" imemtosha kila mtu.

Kwa hiyo mzigo wote wa kusema huyu ni nani unaliangukia jina. Ana kwa ana tuna uso, nguo na sauti. Kwenye karatasi tuna jina tu, pengine na kile kisanduku cha ME/KE, ambacho wengi wetu hukijaza kwa kuangalia jina bila kumwangalia mtu. Mtu anapokuuliza kwa ukali, "Unampaje binti jina la kiume?", naamini mara nyingi si chuki wala ushamba. Ameguswa mahali ambapo lugha yake haina msaada mwingine.

Mkia wa Kiarabu, kichwa cha Kiswahili

Majina mengi ya Waislamu wetu yalitoka Kiarabu, na Kiarabu kina mkia wa kike. Amin akiwa msichana ni Amina, Salim ni Salima, Jamil ni Jamila, Rashid ni Rashida. Wamisionari walikuja na mkia unaofanana na huo: Daniel na Daniela, Gabriel na Gabriela, Paulo na Paulina, Augustino na Augustina. Ukizoea orodha hizo utadhani irabu a mwishoni mwa jina ndiyo alama ya msichana. Lakini mwite Juma. Mwite Musa, Issa, Hamza, Mustafa, Yohana, Elia. Wote wanaume, wote wanaishia na a. Kiswahili hakikuichukua ile kanuni ya mkia. Kilichukua majina yaliyokwisha kutengenezwa. Kilipotaka chenyewe kumtengenezea msichana jina kutoka la mvulana, kiliweka kichwa: Juma akawa Mwajuma au Mwanajuma, Hamisi akawa Mwanahamisi, Idi akawa Mwanaidi, Kombo akawa Mwanakombo. Wasukuma nao hubadilisha kichwa. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula akiwa wa kiume, Kabula akiwa wa kike, na mvua ni ileile.

Yote hayo ni majina yenye alama. Ugumu uko kwenye majina ambayo ni maneno tu ya kawaida, na hapa ndipo wifi yangu alipokuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama kwenye jambo kubwa.

Baraka, Neema na Rehema ni ndugu watatu. Maneno yote yametoka Kiarabu, yote yanahusu wema wa Mungu unaomshukia mtu, na huko Kiarabuni yote matatu ni nomino za kike. Kwetu Neema na Rehema ni wasichana; Baraka ni mvulana, na ukitaja Baraka bila kumwona mtu hakuna atakayekuuliza mara mbili. Kwa nini? Hakuna kitu ndani ya neno kinachojibu. Tena ukirudi nyuma zaidi, mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume Muhammad baada ya mama yake kufariki, yule anayejulikana kwa lakabu ya Ummu Ayman, jina lake lilikuwa Baraka. Karne nyingi zimepita, jina limevuka bahari, likatua kwa wavulana wa Mwanza na Dodoma na Mbeya. Neno lenyewe halikubadilika hata herufi, wamebadilika wanaolibeba.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mzazi alishike kabla ya kugombana na mwenzake: jina halizaliwi na jinsi. Linaipata kwa watu wanaolibeba, mahali linapoitwa. Kwa hiyo swali la kuuliza ni nani anayelibeba hapa, kwenye mtaa huu, mwaka huu. Tumaini, Amani, Imani, Furaha, Faraja, Bahati, Zawadi, Riziki, Nuru: haya ninayo darasani kwa wavulana na wasichana, na hakuna anayeshtuka. Shida na Tabu pia, ingawa hayo siwashauri wazazi, maana mtoto hana kosa kwa hali mliyokuwa nayo alipokuja. Na Kulwa na Doto ndiyo mfano bora wa yote. Kulwa ni pacha aliyetangulia, Doto ni aliyefuata. Jina linasema zamu ya kuzaliwa, halikuulizwa kitu kingine. Doto Biteko, aliyeteuliwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, ni mwanamume. Mimi nimefundisha akina Doto wawili, wote wasichana, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuulizwa kwa nini anaitwa hivyo.

Majina huhama, na yana njia yake ya kuhama ambayo inaniuma. Huko Uingereza, Evelyn, Shirley na Ashley yalikuwa ya wanaume. Wasichana wakaanza kupewa, mmoja mmoja, kisha wengi, na kadiri wasichana walivyoongezeka ndivyo wazazi walivyoacha kuwapa wavulana. Njia hiyo ina mwelekeo mmoja. Jina la kiume likivaliwa na msichana, watu huona amepandishwa; la kike likivaliwa na mvulana, huona ameshushwa. Jiulize mwenyewe: ni mzazi gani hapa Dodoma atamwita mwanawe wa kiume Neema, au Mwajuma, hata kama ni jina la bibi yake aliyemlea? Sijamwona bado. Wasichana wenye majina ya kiume nimewaona wengi.

Hesabu ya majina matatu

Sasa nije kwenye hoja ya mdogo wangu, ile iliyokuwa imemkaba koo: "Dada, jina la baba litapotea."

Mfumo wa majina matatu wengi wetu tunautumia bila kuupigia hesabu. La kwanza lako, la pili la baba, la tatu la babu mzaa baba. Rais Samia Suluhu Hassan ana jina moja lake mwenyewe, Samia; Suluhu Hassan ndiye baba yake. Kila mwanamke anayeandikwa kwa mtindo huu anatembea na wanaume wawili nyuma yake. Wenzetu Masingasinga wana mpango uliogeuzwa. Kwao jina la kwanza laweza kuwa moja kwa kaka na dada, kisha linafuata Singh kwa mwanamume na Kaur kwa mwanamke. Wanaweza kuliacha la kwanza huru kwa sababu la pili linasimama mlinzi. Kwetu la pili na la tatu daima ni ya kiume, hivyo la kwanza ndilo pekee linaloweza kumtaja msichana. Ukilifanya nalo la kiume, umempa wanaume watatu, na kila atakayeshika orodha atamsoma hivyo.

Nikachukua karatasi, nikamwekea mdogo wangu mfano. Tuseme babu ni Daudi na mwanawe ni Petro. Mtoto wa Petro, awe wa kike au wa kiume, ataandikwa Fulani Petro Daudi. Daudi yupo pale, nafasi ya tatu, hata kama hakuna aliyempa mtoto jina hilo. Kizazi kinachofuata, kama Fulani ni wa kiume, mtoto wake ataanza na jina lake, kisha Fulani, kisha Petro. Daudi amedondoka. Kama Fulani ni wa kike, mtoto atachukua majina ya upande wa baba yake, na hapo Petro na Daudi wamedondoka pamoja. Tazama vizuri: jina la babu linafika umbali uleule, liwe limebebwa na mjukuu wa kike au wa kiume. Anayekosa hatua moja kwa kukosa mtoto wa kiume ni Petro mwenyewe. Familia zilizoamua kushika jina moja la ukoo kizazi hadi kizazi zina hesabu nyingine, lakini sisi hatumo humo.

Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. Jina lile alikuwa amelitunza tangu mimba ya kwanza, kwa ajili ya mtoto wa kiume, na safari hii daktari amemshauri wifi asishike mimba nyingine.

Basi Daudi lilikuwa jina la mtoto aliyengojewa, na mdogo wangu alitaka kulivalisha aliyefika.

Hapa sina budi kusema wazi ninachoamini. Kumpa binti jina la babu yake ni jambo jema na la kale. Mtoto anakuwa wajina wa mzee. Bibi anamtania kama mume, shangazi anamwita baba, na kuna upole fulani unaoingia nyumbani mtu mzima anapomwinamia mtoto mchanga na kumwamkia kwa jina la aliyelala kaburini. Sina ninachokipinga hapo. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni jina linalomwambia msichana, kila anapoitwa, kwamba nafasi aliyokalia ilikuwa imewekwa kwa ajili ya mwingine. Watoto hujua. Hawahitaji kuambiwa, wanajua kwa namna baba anavyolitamka.

Wasomaji wa Biblia watawakumbuka mabinti watano wa Selofehadi katika kitabu cha Hesabu: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikufa bila kuacha mtoto wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika ukoo wake. Hawakuomba kuitwa Selofehadi. Waliomba ardhi, wakapewa. Nikamwambia mdogo wangu, una ekari mbili za zabibu kule Mpunguzi. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Ukitaka mtu wa Mpunguzi aseme miaka 40 ijayo "hili ni shamba la akina Daudi", liandike kwa mabinti zako. Alinyamaza, lakini hakukasirika.

Wanawake wenye mikuki

Kuna wanaosema binti kubeba kitu cha kiume ni mambo ya kuiga, yameletwa na televisheni. Anayesema hivyo akiwa Ugogo hajawauliza wazee wa Ugogo. Ngoma ya muheme, ile inayotikisa kifua ukiwa bado mbali, wapigaji wake ni wanawake, wamezibana ngoma kati ya mapaja. Na zamani, mambo ya nchi yalipoharibika, ng'ombe wakashikwa na maradhi, kulikuwa na tambiko ambalo watafiti waliokaa huku miaka ya 1960 waliliandika kwa kirefu: wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika mikuki na fimbo, wakaenda kuchunga, wanaume wakabaki na kazi za wanawake. Mwisho wanawake walitoka mbio wakicheza hadi mbali, wakaenda kuutupa ubaya nje ya nchi. Ng'ombe walikuwa mali ya wanaume. Mambo ya wanaume yakishindikana, waliogeuza hali walikuwa wanawake, na waligeuza kwa kuvaa uanaume huo kwa siku kadhaa.

Silitaji tambiko hili ili kusema kwamba babu zetu walikuwa na majibu ya maswali ya leo. Baada ya siku zile kila mtu alirudi kwenye nguo zake, na jina la mtoto halivuliwi hivyo. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha kwamba mpaka huu kati ya vitu vya kiume na vya kike, hata kwetu, ulikuwa na mlango, na waliojua kuufungua walikuwa wanaheshimiwa.

Na majina ya Kigogo yenyewe? Mtu wa Tanga au wa Kagera akisoma jina Mwele peke yake, hawezi kubahatisha. Dkt. Mwele Malecela, binti wa huku, aliongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, akaenda kuongoza idara ya magonjwa yaliyosahaulika katika Shirika la Afya Duniani, akafariki mwaka 2022. Nina hakika mahali pengi jina lake lilifika mezani kabla yake, na watu wakangoja kuona ni nani atakayeingia mlangoni.

Je, linamsaidia?

Hili wifi aliliuliza kwa dhati: msichana mwenye jina la kiume, si atapewa kazi kwa urahisi zaidi? Si swali la kipuuzi. Huko Marekani, mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walituma maombi ya kazi ya maabara kwa maprofesa 127 wa sayansi. Maombi yalikuwa yaleyale, neno kwa neno. Nusu yalibeba jina John, nusu Jennifer. John alionekana hodari zaidi, na mshahara aliopendekezewa ulikuwa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka, wakati Jennifer alipendekezewa dola 26,508. Maprofesa wanawake walifanya vivyo hivyo kama wanaume. Miaka mitatu kabla ya hapo, wachumi wawili walichunguza wanasheria wa jimbo la South Carolina wakaona kwamba wanawake wenye majina yanayosikika ya kiume walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa majaji.

Kwa hiyo faida ipo, angalau huko, na angalau kwenye karatasi. Lakini fikiria inachosema. Inasema bahasha ya msichana inafunguliwa kwa moyo mwepesi akidhaniwa mvulana. Siku ya usaili ataingia kwa miguu yake mwenyewe, na yule aliyemdhania mvulana atabaki ndiye mwenye kalamu. Sitamlaumu mzazi anayetaka kumpunguzia mwanawe mlango mmoja uliofungwa. Ninachosema ni kwamba jina litamfikisha mlangoni tu.

Gharama nazo nazijua, na ya kwanza niliisababisha mimi. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikuwa na msichana kidato cha kwanza mwenye jina la mmoja wa mitume kumi na wawili. Daftari langu la mahudhurio lilikuwa na wavulana kwanza, wasichana baadaye, na mimi nikamwandika upande wa wavulana kwa kusoma jina. Wiki tatu nzima niliita, naye akaitikia kutoka safu ya wasichana, na kila mara niliinua uso na darasa likacheka. Nilimrekebisha kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo lilizidi kumwonyesha. Hadi leo najutia ile kalamu nyekundu. Alipofaulu kwenda kidato cha tano alipangiwa bweni la wavulana katika shule ya mkoa mwingine, na baba yake akapanda basi na cheti cha kuzaliwa mkononi kwenda kueleza kwamba mwanawe ni binti.

Mengine ni madogo lakini hayaishi. Kutoa pesa kwa wakala asiyekufahamu, anayeangalia jina kwenye simu kisha anakuangalia wewe. Kupiga simu ofisini kuuliza majalada yako na kuambiwa "mwenyewe ndiye apige". Matangazo ya ndoa kanisani, jina la bwana harusi likisomwa na kufuatiwa na jina jingine la bwana, na minong'ono inayopita kwenye mabenchi. Mwanamke mzima anaweza kuyacheka haya. Msichana wa miaka 13 hawezi.

Karatasi inasemaje

Sheria haimzuii mtu. Sheria yetu ya usajili wa vizazi na vifo, Sura ya 108, haina orodha ya majina ya kike na ya kiume; jina linaandikwa mahali pake na jinsi mahali pake. Nchi nyingine zilikuwa kali. Ujerumani ilikuwa na desturi kwamba jina lazima lionyeshe jinsi ya mtoto, hadi mwaka 2008 Mahakama ya Katiba iliposema sheria haidai hivyo. Iceland ilikuwa na kamati ya kuidhinisha majina, na msichana mmoja aliyeitwa Blær, maana yake upepo mwanana, aliishi akiandikwa "Msichana" kwenye nyaraka za serikali kwa kuwa jina lake lilihesabiwa la kiume. Alishinda kesi mwaka 2013, akiwa na miaka 15.

Kwetu hatari haiko kwenye sheria, iko kwenye mkono unaoandika. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka mitano siku hizi kinaandikwa kwa mkono kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, pale pale ukingoja. Ni huduma nzuri sana, imewaokoa wengi na safari. Lakini karani aliyeandika watoto 30 tangu asubuhi, akiona jina la kiume, mkono wake utaelekea ME wenyewe. Kosa hilo likitoka kwenye cheti litaingia kwenye daftari la shule, litafuata kwenye mtihani, na siku moja litakutana na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ambapo kulitoa kunataka viapo, mihuri na nauli. Kwa hiyo ukimpa binti jina la kiume au la pande zote, usiondoke dirishani kabla hujasoma kila mstari. Soma tangazo la kizazi pia, lile ulilopewa hospitali, kwa kuwa ndilo linalonakiliwa. Na usajili ufanyike ndani ya siku 90, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Wiki ilipoisha nilirudi Nkuhungu. Niliwaambia ninavyoona: Daudi yuko kwenye cheti tayari, nafasi ya tatu, kwa hiyo baba hajakosa mahali. Baraka ni jina ambalo hapa kwetu wavulana wamelikalia, lakini halikuzaliwa la kiume, na kama wifi analipenda kwa sababu ya mtoto huyu, mwenye masikio haya na sauti hii, alipewe na lisemwe kwa furaha bila kuombewa radhi. Waandae jibu fupi la kumfundisha mtoto atakapoulizwa. Waende shuleni siku ya kwanza wakamwone mwalimu. Nikaongeza kwamba mimi kama mwalimu ningependa mzazi mmoja angenifanyia hivyo mwaka ule.

Mdogo wangu akamchukua mtoto kutoka kwa mama. Akamwita Baraka, mara moja, kwa sauti ya chini kama mtu anayejaribu kiatu. Akaita tena. Wifi akageuza uso akajifanya anapanga vyombo. Mama akasema hilo la karatasi ni letu, tuandike tupendavyo, yeye mume wake anamjua.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda ofisi ya kata, sisi watatu na mtoto mgongoni. Karani akauliza jina, mdogo wangu akalitaja. Kalamu ilikuwa imekwisha kuelekea kwenye kisanduku.

"Ni wa kike," wifi akasema.

Karani akainua uso, akamtazama mtoto, akatabasamu, akaandika. Mdogo wangu akamwomba asome tena kwa sauti, taratibu: jina, jina la baba, jina la babu, jinsi. Akasoma yote manne.